Mikia ya Samaki wa Mwalimu Kupaza

Hii nimeletewa, nami sikuweza kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu mpaka mwisho.

Mwalimu Kupaza alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani walimzawadia tangi la samaki watatu wekundu wenye mikia mirefu. Akaliweka sebuleni. Ili wageni wadhani samaki ni wengi, akaegemeza nyuma yake kioo kikubwa cha kujitazamia.

Juma la pili, samaki mmoja alikutwa hana mkia. Haukuraruka; ulikuwa kama umekatwa kwa mkasi, na kipande hakikuonekana majini. Siku tatu baadaye mwingine akapoteza mapezi. Maji yalikuwa safi na chakula tele, lakini wawili wakafa.

Miaka thelathini ya ualimu ilikuwa imemfundisha Kupaza jambo moja: kosa likitokea, mkosaji yupo darasani. Akaifunga sebule kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi alipofungua, mkia wa samaki aliyebaki ulikuwa umepungua nusu.

Hapo akamkumbuka Bi Somoe, mjane wa marehemu mdogo wake, aliyeishi humo miaka sita akishona nguo barazani. Mkasi hauishi mkononi mwake.

"Shemeji, unawafanya nini samaki wangu?" akamfokea, mtaa mzima ukasikia.

"Mimi nakata vitambaa, Mwalimu. Kiumbe cha Mungu sijawahi kukikata."

"Mlango nimeufunga na bado mikia inakwenda! Mtu wa kawaida hapiti ukutani."

Bi Somoe akauweka mkasi chini. "Basi umeshanipa jina," akasema. Kabla ya adhuhuri akapakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Alasiri ile, Mwalimu akachungulia tangi. Mkia ulikuwa umepungua tena.

Akaogopa, tena sana. Mchawi ameondoka, sasa ni nani? Akavuta kiti, akakaa akilitazama tangi bila kupepesa macho.

Samaki alikuwa amesimama uso kwa uso na samaki mwingine, yule wa ndani ya kioo. Akatunisha mapezi; yule naye akatunisha. Akamrukia, yule naye akamrukia. Akapigana mpaka akachoka, na adui hakukimbia. Kisha, polepole, samaki akajikunja kama upinde, akaung'ata mkia wake mwenyewe, akaumeza.

Mwalimu akainua kichwa. Nyuma ya maji, uso mwingine ulikuwa umemkodolea macho. Ulikuwa wake.

Akakiondoa kioo siku ileile. Baada ya miezi miwili mkia ukaota, mzuri kuliko wa kwanza. Ndipo alipopata ujasiri wa kwenda alikopanga Bi Somoe, akapiga magoti, mzee mzima na mvi zake.

"Shemeji, nilikosa. Rudi nyumbani."

"Nimekusamehe, Mwalimu," Bi Somoe akajibu, cherehani mbele yake imefunikwa kanga. "Lakini watoto wananikimbia nikipita, na nguo haziletwi tena. Utazunguka milango mingapi kuwaambia ulikosea?"

Mwalimu Kupaza, aliyezoea kuuliza maswali, akainuka, akaenda kubisha mlango wa kwanza.

Funzo: Mkia wa samaki ukikatika huota tena, jina la mtu ukilikata, haliwi kama zamani. Kabla hujamtafuta mchawi nje, jitazame wewe kwanza.