Mgeni wa Somoe

"Mwizi wa muhogo mchungu mwite mgeni."

Maneno haya aliyasema Bi Sikudhani asubuhi moja, pale binti wa jirani alipoteguka mguu akiruka ua wa watu na mapapai mkononi. Mwenye ua alikuwa amemsimamia anamhoji amechuma mangapi, na binti yuko chini analia, hawezi hata kuinuka. Bibi alisema neno hilo moja tu. Mwenye ua akainama, akamshika binti mkono.

Walipokwisha kumfunga mguu, wajukuu walimzunguka Bi Sikudhani wakitaka kujua mwizi anageukaje kuwa mgeni. Bibi akavuta mkeka, akakaa. "Neno hili lina mahali lilipozaliwa," akasema. "Lilizaliwa hivi."

Katika kijiji cha Litunduni, huko kusini kwenye mikorosho, aliishi mjane mmoja jina lake Somoe. Shamba la marehemu mumewe lilichukuliwa na shemeji zake, yeye akabaki na nyumba na uwanja unaoizunguka. Uwanja huo akaugeuza bustani. Hakuhangaika na mbegu za kuletwa kutoka mbali. Aliingia porini akachimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya mwituni, akaja kuipanda chini ya mlonge ipate pa kutambaa. Pale maji ya kuogea yanapotokea alipanda mboga za mnavu na mlenda. Mgagani ulijiotea wenyewe, naye akauacha. Muhogo mtamu, ule wa kuchemsha na kula, aliuweka karibu na mlango wa jiko. Na nje kabisa, kando ya njia, alizungusha safu ya muhogo mchungu. Nguruwe pori wakija huonja huo kwanza, wakaghairi. Yeye mwenyewe aliuvuna kwa subira: aliumenya, akauloweka, akauanika mpaka ukawa makopa, ndipo akautwanga unga. Bila kazi hiyo muhogo ule ni sumu. Lakini kwa macho ulifanana na mtamu kama pacha na pacha, na aliyejua upi ni upi alikuwa mpandaji peke yake.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, mahindi yakakauka kabla ya kukomaa. Njaa ikaingia, na wizi wa mashambani ukafuata nyuma yake. Wanakijiji wakaweka adhabu: mwizi avishwe shingoni kile alichoiba, azungushwe kijiji kizima kwa nyimbo. Wa kwanza kukamatwa alikuwa baba mzima, mwenye mke na watoto. Alizungushwa na mkungu wa ndizi shingoni, na baada ya hapo akahama, hakuonekana tena. Aliyeongoza nyimbo siku ile, kwa sauti kali kuliko wote, alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Asumini, jirani yake Somoe wa nyumba ya tatu.

Basi, asubuhi moja Somoe alirudi kutoka kisimani, akakuta udongo umefukuliwa kando ya njia. Mashina ya mihogo yamelazwa chini, mizizi haipo. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alitua ndoo, akafungua kinywa apige yowe la mwizi.

Yowe halikutoka. Macho yake yalikuwa yameifuata ile safu. Akaokota kipande cha mzizi kilichosalia kwenye shimo, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Ulikuwa ule mchungu.

Akainua uso. Moshi ulikuwa umeanza kupanda juu ya mapaa, huku na huku. Katika jiko mojawapo chini ya mapaa hayo, muhogo wake ulikuwa motoni, na watoto wenye njaa wamezunguka chungu.

Somoe alikimbia mpaka kwa jumbe wa kijiji, Mzee Mnunduma, akamweleza huku anahema.

"Nitapuliza pembe sasa hivi," jumbe akasema. "Vijana wapekue nyumba kwa nyumba. Mwizi tutampata kabla ya adhuhuri."

"Jumbe, usifanye hivyo. Wakisikia msako watakula upesi kuficha ushahidi. Au watafunika chungu, wakale baadaye."

"Basi nitangaze kwamba muhogo ulioibwa ni sumu."

"Nani atajitokeza? Uliona yule bwana alivyozungushwa. Mtu atasema tunamtega. Atanyamaza, na watoto wake watakula."

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Useme nilikuwa na mgeni leo. Useme nimempa muhogo, nikasahau kumwambia ni mchungu. Kosa liwe langu."

Mzee akamkazia macho. "Unataka jumbe aseme uongo mbele ya kijiji?"

"Nataka useme neno ambalo mtu anaweza kulijibu."

Mzee Mnunduma akainuka. Pembe ikalia, na mbiu ikapita njiani: "Somoe alikuwa na mgeni! Amempa muhogo mchungu kwa kusahau! Mgeni, usile, mwaga!"

Watu walitoka milangoni wakatazamana. Somoe naye alipita nyumba kwa nyumba akirudia maneno yale yale, na kila alikopita walitikisa vichwa. Alipofika nyumba ya Asumini alikuta mlango umefungwa, na moshi unatoka jikoni. Akasimama. Mume wa Asumini alikuwa safarini kutafuta kibarua, na jiko lile lilikuwa limelala baridi tangu juzi.

"Hodi, Asumini."

Ndani mwiko ulikwangua chungu.

"Hodi. Ni mimi Somoe. Niko peke yangu."

"Tunakula mboga," sauti ikajibu. "Sina muhogo mimi."

Somoe angeweza kuusukuma mlango. Lakini nyuma yake watu walikwishaanza kusogea, na akajua mlango ukifunguliwa kwa nguvu, mama yule angekana mpaka mwisho. Akaweka mdomo karibu na ubao.

"Sikuja kukuuliza, Asumini. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikupa muhogo asubuhi, sikukuambia kuwa ni ule wa nguruwe. Nimekosa. Watoto wameshakula?"

Alisubiri. Ilikuwa kama kungoja kuona mti ulioegemea utaanguka upande gani. Kisha komeo likavutwa, na Asumini akasimama mlangoni, uso umempauka.

"Wakubwa bado, nimewaambia wasubiri upoe," akasema. "Shaweji alikuwa analia, dada. Nikampa kipande. Nimempa kwa mkono wangu huu."

Somoe alipita, akakipindua chungu mchangani, na watoto wakalia kuona chakula kinamwagika. Shaweji, kitindamimba, alikuwa amejikunja kwenye mkeka, ametapika, macho yamelegea. Somoe akambeba. Kijana mmoja akaleta baiskeli, na wakaishika njia ya zahanati, mama akikimbia nyuma na kanga imemdondoka kichwani.

Mganga wa zahanati aliuliza jambo moja tu: "Amekula nini?"

Watu waliowafuata walikuwa wamejaa mlangoni. Asumini aliwatazama, kisha akamtazama mwanawe.

"Muhogo mchungu," akasema.

"Ameupata wapi?" sauti ikauliza kutoka mlangoni.

"Nilimpa mimi," Somoe akadakia. "Nilimpa mama yake, sikumwambia."

Mganga hakupoteza muda tena, kwa kuwa alishajua anapambana na nini. Walingoja nje. Jua lilikuwa limekwishapinda pale mtoto alipolia, kilio kikali cha mtoto anayedai maji, na Asumini akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Vijana walimfuata Mzee Mnunduma wakitaka mwizi atajwe. "Mwizi gani?" jumbe akajibu. "Mwenye muhogo amesema alikuwa na mgeni."

Asumini alikwenda kwa Somoe siku ya pili, akasimama njiani, akashindwa kuingia. "Dada, hukunipa," akasema.

"Najua," Somoe akajibu. "Ingia uchume mnavu. Na muhogo wa jikoni huo, ule ndio mtamu."

Njaa haikuisha mwaka ule. Kabla ya mvua, mtu mwingine alionekana akikimbia na maboga ya watu, akatumbukia katika shimo la zamani la udongo wa kujengea. Kijiji kizima kikazunguka ukingo. Wakamwita ajitaje jina, naye huko chini akanyamaza kwa aibu, asijulikane kama mzima au amevunjika. Wengine wakaanza kupiga makofi na kumgeukia Asumini, wakingoja aanzishe wimbo.

Asumini alisogea mpaka ukingoni, akapiga magoti.

"Mgeni," akaita chini, "umeumia wapi?"

Mtu akaguna kutoka shimoni, akasema ni mguu. Watu wakastaajabu, wakamuuliza Asumini tangu lini mwizi akaitwa mgeni. Aliinuka, akawatazama wote usoni, akijua wazi kwamba jibu lake lingemfichua.

"Leteni kamba," akasema. "Mwizi wa muhogo mchungu mwite mgeni."