Kwa Nini Wazee wa Isunga Hulamba Shubiri

Nyinyi mnaotucheka tukikunja nyuso kabla ya kuhukumu, sikieni kwanza chanzo chake, kisha mcheke mkiweza.

Zamani, watu wa Isunga walihukumiwa kwa makosa ambayo bado hawajayafanya. Mpiga ramli Ngasa akisema fulani ataiba, fulani alifukuzwa kabla hajaiba. Ngasa alitabiri nzige, wakaja. Alitabiri ukame, ukaja. Nani angembishia? Babu zetu hawakuwa wapumbavu, walikuwa na hofu tu.

Mwaka mmoja wa njaa akasema kwamba Milembe, msichana yatima, atachoma ghala la kijiji. Milembe akafungiwa siku tatu bila chakula wala maji. Siku ya nne akaletwa uwanjani ili afukuzwe, na mwaka ule nje ya boma walizunguka simba. Watu walikwisha kushika fimbo. Mimi kila nikifika hapa roho huniuma.

Ndipo Nkwimba, mfinyanzi mzee, akasimama mbele ya msichana.

"Ngasa mwanangu, hebu nijibu. Ni lazima achome?"

"Lazima, mama. Limekwisha pangwa."

"Kama ni lazima, kosa lake li wapi? Na kama anaweza kuacha, wewe umejuaje?"

"Rudi kwenye vyungu vyako, mama. Ramli haikosei."

Nkwimba akaweka vibuyu viwili chini, kimoja cha maziwa, kingine cha maji ya shubiri. "Basi tuambie, atakunywa kipi?"

Ngasa akamtazama Milembe, midomo imempasuka kwa kiu. "Maziwa. Hilo nalo la kuuliza?"

Mkono wa Milembe ukaenda kwenye maziwa. Watu wakaguna. Ukasimama pale, muda mrefu. Kisha ukahama. Akainua shubiri, akainywa yote huku machozi yakimtoka.

"Amefanya makusudi!" Ngasa akafoka. "Ni kwa kuwa amenisikia!"

"Na habari ya moto," akasema Nkwimba, "hakuisikia?"

Fimbo zikashushwa moja moja. Nkwimba akampa msichana maziwa.

Na tangu siku hiyo, Isunga hahukumiwi mtu kwa asilolitenda, na kila mzee anayeketi kuamua hulamba shubiri kwanza, akumbuke alichoweza kuchagua yule mtoto. Nimeilamba miaka thelathini, sijaizoea. Siku mtakayoniona nailamba bila kukunja uso, niondoeni kitini.