Swali la Atupele

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana chaki zilikuwepo na mitihani ilikuwepo na ukaidi ulikuwepo, palikuwa na chuo cha ualimu kule kwenye baridi ya Njombe. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu kisa hiki kinanichefua kila nikikisimulia, na ninyi ndio mtakaonisaidia kukiamua.

Chuoni hapo alikuwepo mkufunzi wa hisabati, Mwalimu Kaduma. Siku moja akaandika ubaoni: tatu gawanya kwa nusu. Akasema, "Nusu igeuzeni, iwe mbili juu ya moja. Kisha zidisheni. Jibu sita. Geuza, zidisha. Semeni!"

"Geuza, zidisha!" wakaitikia wanachuo themanini.

Mwanachuo mmoja, Sekunda Mgaya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini tunageuza?"

"Kwani mtihani utakuuliza kwa nini?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kaa."

Akakaa. Akakaa, jamani, na hakuuliza tena miaka miwili mizima! Maktaba ilikuwepo, hakuingia. Wenzake walikuwepo, hakuwauliza. Mtihani ukaja, akageuza, akazidisha, akafaulu.

Yakabaki mazoezi ya kufundisha. Akianguka hapo, anarudia mwaka. Na Sekunda alikuwa amemwacha mwanawe wa miaka mitatu Makete, kwa bibi yake, akamwahidi kwamba mama atarudi mwaka huu. Habari ya mwaka mwingine hakutaka hata kuisikia.

Akapangiwa darasa la tano, chini ya Mwalimu Luoga, mama aliyekuwa kazini miaka ishirini na sita. Jumatatu akafundisha kugawanya kwa nusu. Watoto wakaimba: geuza, zidisha. Jumatano zikaja habari kwamba mkufunzi yuko njiani kuja kumpima. Mwalimu Luoga akamwambia, "Mwanangu, usihangaike na somo jipya. Rudia la Jumatatu, majibu wanayo." Ndivyo wanavyofanya hawa watu! Mgeni akija, watoto wanafundishwa wanachokijua, na kila mtu anajifanya haoni.

Mkufunzi akaingia. Nani? Kaduma yuleyule! Akaketi nyuma na fomu yake. Mwalimu Luoga akaketi kando yake, kimya, kwa kuwa desturi yao ni kwamba mwalimu mwenyeji hasemi neno mwanachuo anapopimwa.

Watoto wakawa wanajibu hata swali halijaisha. Dakika kumi, somo limekwisha, na kipindi ni dakika arobaini! Sekunda, kwa kukosa la kufanya, akauliza, "Kuna mwenye swali?"

Akasimama msichana mmoja, Atupele. "Mwalimu, tukigawa vitu, kila mtu anapata kidogo. Hapa tumegawa tatu, mbona imekuwa sita?"

"Kwa sababu tumegeuza."

"Kwa nini tunageuza?"

Sekunda akatazama ubao. Akatazama chaki. Akasema, "Kwani mtihani utakuuliza kwa nini?"

Kaduma akaandika kwenye fomu: Hawezi kueleza anachofundisha. Ameanguka.

Sekunda akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, na mkuu akawaita wote watatu, yeye, Kaduma na Mwalimu Luoga.

"Nilifundisha nilivyofundishwa," Sekunda akasema. "Nilimuuliza, akanikalisha. Leo ananiangusha kwa swali langu mwenyewe!"

"Nina wanachuo themanini na vipindi viwili kwa wiki," akasema Kaduma. "Mtu mzima anayekwenda kufundisha watoto hangoji kutafuniwa. Miaka miwili ulikuwa wapi?"

Mkuu akamgeukia. "Na wewe Kaduma, kwa nini tunageuza?"

Kaduma akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Nami nilifundishwa hivyo hivyo," akasema.

Ndipo Mwalimu Luoga akavuta karatasi tatu mezani. Akachana ya kwanza katikati, ya pili, ya tatu. "Tunauliza nusu ngapi zimo ndani ya tatu. Kila nzima ina nusu mbili, ndiyo maana tunazidisha kwa mbili. Hesabu, mwanangu."

Zilikuwa sita. Sekunda akapandwa na hasira mpaka machozi yakamtoka. "Ulijua? Tangu Jumatatu unanisikia nawaimbisha watoto, na ulijua?"

"Siku ya kupimwa desturi hainiruhusu kusema," akajibu Mwalimu Luoga. "Siku nyingine hukuniuliza."

Mungu wangu, watu hawa! Mmoja hakujua, akafundisha. Mmoja hakujua, akaacha kuuliza. Mmoja alijua, akanyamaza. Na Atupele je? Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwenda kumjibu.

Mkuu wa chuo akaichana ile fomu. "Kuanguka huku nimekufuta. Lakini mmoja wenu," akasema, "muhula ujao ataketi dawati la mbele na mwaka wa kwanza, aanze hisabati upya. Sijali ana cheo gani, wala nani anamngoja nyumbani."

Haya, semeni ninyi, na mnieleze na sababu: je, nani alistahili kukaa dawati lile?