Kwa Nini Dang'a Ni la Manjano

Zamani, kabla maradhi hayajajifunza kujificha, vijasumu walionekana kwa macho kama tunavyowaona siafu. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa punje ya ufuta, amevaa koti jembamba la mafuta, na mgongoni amefunga kibuyu cha sumu. Walipita njiani mchana kweupe, msafara baada ya msafara, na watu wakawapisha. Nyinyi mliopakata watoto hapa mtasema ilikuwa heri, kwani waliweza kuonekana na kukimbiwa. Haikuwa heri. Mtu mzima alikimbia; mtoto mchanga angekimbilia wapi?

Vijasumu walikuwa na adabu moja tu: hawakuingia mwilini bila kubisha hodi. Mwili wa mtu mzima ulikwisha kuwajua, na aghalabu uliwanyamazia. Lakini mwili wa mtoto aliyezaliwa jana ulikuwa umetoka mahali ambapo kila kilichoufikia kilikuwa chakula. Haukujua neno jingine ila karibu.

"Hodi, wenyewe," alisema kijasumu wa kwanza mbele ya kitovu kibichi.

"Karibu," mwili ulijibu.

Akiisha kuingia, hakufanya ubaya. Alijishikiza ukutani kwa vidole vyake vilivyopinda kama kulabu, akatulia, akaacha mnong'ono mmoja hewani. Wa pili akaingia, akaacha wake. Minong'ono ilipokuwa michache, hakuna aliyethubutu kufungua kibuyu. Ilipoenea nyumba nzima walijua kuwa wametosha, nao wakavifungua vyote kwa pamoja. Ndiyo sababu mtoto aliamka salama asubuhi, na jua la alasiri likamkuta kaburini.

Enzi hizo maziwa ya uzazi yalikuwa meupe tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Hata hivyo wazee walishikilia kwamba yale ya siku tatu za mwanzo, ndiyo dang'a, yamelala kifuani miezi tisa na yamechacha. Yalikamuliwa katika kifuu cha nazi, yakamwagwa nyuma ya nyumba, na mtoto akapewa maji ya uvuguvugu.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mejumaa. Alikwisha kuzaa watoto wawili, na hakuna hata mmoja aliyeivuka siku ya tano. Alipojifungua wa tatu, msichana, hakumpa jina, maana aliogopa kulizoea. Alichofanya ni kuinamisha sikio juu ya pua ya mtoto, kusikiliza pumzi, kuinuka, na kabla hajakaa sawasawa, kuinama tena.

"Mwache apumue kwa nafasi," alisema Bi Nyamvula, mama wa mumewe. "Mtoto si chungu cha maharage, useme ukigeuka ataungua."

"Mama, na wale wawili walilala hivi hivi."

Bi Nyamvula alichukua kifuu cha dang'a, akatoka nacho uani, akakimwaga.

Siku ya pili asubuhi Mejumaa aliketi kwenye mlango wa uani akijisugua mwili kwa manjano yaliyosagwa, kama wafanyavyo waliotoka uzazini. Hapo akauona msafara. Ulitokea upande wa zizi la mbuzi, mrefu, usioonyesha mkia, nao uliuelekea mlango wake. Akashika ufagio, akafagia. Waliofagiwa wakajipanga upya. Akamwaga maji ya vyombo. Wakayavuka bila kujali.

Lakini walipofika pale palipolowa dang'a, msafara ukagawanyika. Nusu ilipita kulia na nusu kushoto, kisha wakaungana tena mbele. Mmoja akasukumwa na wenzake, akakanyaga pale penye unyevu. Koti lake likatoboka, akavimba, akapasuka. Wenzake waliharakisha na hawakumtazama.

Mejumaa aliutupa ufagio. Alimkuta mtoto ana joto kali, shingo imelegea, hata kulia halii. Alipoweka sikio tumboni mwake, akasikia mnong'ono kama wa mchele unaopepetwa. Walikuwamo tayari.

Alimwinua mtoto kifuani. Bi Nyamvula akamshika mkono.

"Una wazimu? Siku tatu hazijatimia! Na mikono imejaa manjano!"

"Hazitatimia, mama. Niachie."

"Umeanza kuzaa juzi, leo unanifundisha mimi kulea?"

"Wanalikwepa! Nimewaona kwa macho haya. Hili tunalolimwaga ndilo wanaloliogopa."

"Na likimuua?"

Swali hilo Mejumaa alikuwa nalo yeye mwenyewe. Akasema, "Wawili tuliwapa maji, mama."

Mkono wa Bi Nyamvula ukalegea. Mejumaa hakungoja hata kunawa. Alikamua kwa vidole vile vile vilivyolowa manjano, na tone la kwanza likaanguka ulimini mwa mtoto likiwa na rangi ya kiini cha yai.

Ndani ya dang'a mlikuwa na nyuzi fupi za shanga, ndogo kuliko vijasumu wenyewe. Upande mmoja wa kila uzi ulipenda maji, na upande wa pili ulipenda mafuta. Uzi ulijichomeka katika koti la kijasumu kwa upande wa mafuta, na kwa upande wa maji ukafungua tundu. Maji yakaingia, naye akapasuka. Wengine waling'ang'ania ukuta. Wengine waliwahi kufungua vibuyu vyao, na mwili wa mtoto ukapoa ghafla, midomo ikawa ya kijivu. Mnong'ono ulipungua, ukaongezeka, ukapungua tena. Mejumaa alikamua tone baada ya tone, ilhali hajui anamwokoa mtoto au anamwangamiza.

Siku ya tatu ilipita hivyo, na ya nne. Siku ya tano, ile iliyowachukua ndugu zake, hakuna aliyepika katika nyumba ile. Siku ya sita asubuhi mtoto alilia, na kilikuwa kilio cha hasira, cha mtu aliyecheleweshewa chakula.

Bi Nyamvula alitoka uani aliposikia sauti ile. Mejumaa alipomfuata akiwa na mtoto, alimkuta amesimama pale alipokuwa akimwaga dang'a, anautazama mkono wake wa kulia.

"Wangu walikuwa wanne," alisema. "Kabla ya mumeo. Nilimwaga mwenyewe, kwa mkono huu."

Alikuwa hajapata kumwambia mtu habari ile. Mejumaa alimpa mtoto, ampakate.

Vijasumu waliosalimika walirudi kwao, wakakutana. "Tumeonwa tukikwepa," alisema mkubwa wao, "na anayejua tunachokiogopa atatumaliza." Wakaafikiana kujipunguza, wakajipunguza, mpaka jicho la mama lisiweze tena kuona wapitapo wala wakwepapo. Kisha wakaanza kujishonea makoti mapya.

Na tangu siku hiyo vijasumu hawaonekani, na dang'a ni la manjano, zito na haba, kwa kuwa rangi ile ya vidole vya Mejumaa haikufutika tena katika kifua cha mwanamke yeyote. Wapo hata leo wanaoiona wakadhani ni uchafu. Makoti nayo yanaendelea kushonwa, mengine magumu hata dawa tulizozitegemea zinateleza juu yake, na wenye elimu wameinamia meza zao wakitunga shanga mpya, wala hawajui kama watawahi. Hilo hatuna uwezo nalo sisi tulioketi hapa. Lakini atakayejifungua mwezi huu asingoje kuuona msafara, maana hatauona. Ataona tone la manjano. Ampe mtoto, tena upesi.