Waya Uliokatwa na Ufunguo Mmoja

Sikilizeni kwa makini, kisha mpige hesabu wenyewe. Watu ni watatu. Ufunguo ni mmoja.

Katika hospitali moja ya mkoa, kwenye nchi kame ambako udongo hukauka hadi kupasuka, Bi. Nyemo Chiwanga alisimamia chumba cha seva, mahali palipohifadhiwa taarifa za wagonjwa wote. Chini yake walikuwapo mafundi watatu. Mwantumu alijaliwa ngozi: alihisi umeme uliovuja kabla kipimo hakijausoma. Kalokola alijaliwa kumbukumbu: hakusahau waya wowote uliofukiwa. Sekela alijaliwa mkono: alichokifunga hakikulegea. Ilikuwa imebaki siku moja Bi. Nyemo astaafu, na mmoja wao angepokea ufunguo wa chumba.

Asubuhi hiyo msafishaji aliinua kitambaa kibichi ili afute kabati la seva. Mwantumu akamdaka mkono, kisha yeye mwenyewe akaligusa kabati kwa mgongo wa kidole.

"Usiguse, dada. Kabati linauma."

Umeme uliovuja ulikuwa umekosa njia ya kushuka ardhini. Lau si Mwantumu, msiba ungeanza hapo.

Kalokola akatoka hadi ua wa nyuma, uliofungwa kwa geti. Hakuuliza wala hakupapasa. Akafukua mahali pamoja tu, akauonyesha waya wa ardhi, ule unaoshusha udongoni umeme uliopotea njia. Ulikuwa umekatwa. Juu, wingu jeusi lilikwisha kujikusanya. Lau si Kalokola, wangechimba ua mzima hadi mvua iwakute.

Sekela hakungoja kutumwa. Alileta nondo mpya ya shaba, akaishindilia, akaizungushia mkaa na chumvi, akamwaga maji ndoo kwa ndoo, kwani udongo mkavu haupokei umeme. Ndugu wa wagonjwa waliochungulia uani wakaanza kunong'onezana habari za uchawi.

"Dada, hii ni kinga ya radi au unachoma nyama?" Kalokola alimtania.

"Ya radi, kaka. Nyama utakuwa wewe nikichelewa."

Akaunga waya, akakaza. Walikuwa wameingia ndani tu radi ilipopiga paa. Taa zikazimika, zikarudi. Seva hazikupoteza jina la mgonjwa hata mmoja.

Watu wakapiga makofi. Bi. Nyemo hakupiga, mkononi alishika kipande cha ule waya. Mkato wake ulikuwa laini, mkato wa koleo. Mwizi wa shaba angeondoka na shaba. Huyu alikata, akaiacha, akarudishia udongo juu yake. Na ukimwondoa yeye mwenyewe, waliokuwa na ruhusa ya kufungua geti la ua walikuwa hao watatu tu.

Akawaita.

"Mwantumu, wewe hufiki mapema. Leo kulikoni?"

"Mtoto aliniamsha, mama."

"Kalokola, ua ni mpana. Ulijuaje pa kuchimba?"

"Mimi ndiye niliyeufukia ule waya, mama."

"Na wewe Sekela, nani alikwambia uweke nondo, mkaa na chumvi tayari?"

"Kiangazi, mama. Udongo ukikauka, mimi hujiandaa."

Majibu yote yaliingia akilini, na hilo ndilo lililomzidishia shaka. Akapiga hesabu upya. Ukimtoa Mwantumu, kuna maiti. Ukimtoa Kalokola, hakuna waya. Ukimtoa Sekela, hakuna seva. Lakini mmoja wao huenda ndiye aliyekata, ili aonekane akiokoa. Au pengine geti lilisahauliwa wazi, akaingia mtu mwingine kabisa. Hilo nalo hakuweza kuliondoa.

Akiwanyima wote, atawaadhibu waokoaji wasio na hatia. Akimchagua mmoja, huenda akamkabidhi mwenye koleo chumba kizima na taarifa za wagonjwa wote zilizomo ndani yake.

"Mama, umeamua?" Sekela aliuliza.

Bi. Nyemo aliufumbata ufunguo hadi meno ya ufunguo yakaacha alama kiganjani. Mbele yake, mikono mitatu yenye udongo ilikuwa ikingoja.

Mimi nimepiga hesabu hii mara nyingi, na kila mara hubaki salio. Je, wewe ungeufumbua mkono mbele ya nani?