Kenchi za Ghala la Pamba

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, wakulima wa pamba walitaka ghala pana lisilo na nguzo katikati, mikokoteni igeuke humo ndani bila kugonga kitu. Kenchi, yale mapembe ya kubebea paa, za chuma kitupu zilikuwa ghali. Za mbao tupu zilitaka miti minene, na msitu ulikuwa umekwisha.

Akaja Kabula, mchoraji wa majengo. Akasema, "Kenchi juu inagandamizwa, tuweke mbao. Chini inavutwa, tuweke chuma chembamba." Gharama ikashuka.

Akaja Shija, seremala. Akaunga mbao fupi fupi zikawa ndefu, hakuna mti uliokatwa. Gharama ikashuka tena.

Kwa desturi yao, kenchi hujaribiwa kabla ya kupandishwa. Wakasimamisha mbili chini, wakazitwika marobota ya pamba. Hazikulia wala kupinda! Vigelegele vikapigwa. Ndipo Limi, mhunzi aliyefua vyuma vile, akaisukuma moja ubavuni kwa kiganja. Ikayumba, marobota yakaporomoka, watu wakatawanyika mbio.

"Mmepima uzito. Na upepo je?" akauliza. Akachukua sehemu kubwa ya chuma kilichobaki kwa ubanaji ule wa gharama, akazifunga kenchi mshazari, hii kwa hii. Watu walinuna kweli kweli. Lakini dhoruba ilipong'oa mapaa ya mji, ghala lilibaki.

Yakasalia mabaki ya kenchi na bati, ya kuezeka mahali pamoja tu, na masika hayo yanakuja. Wakulima wakasema apewe mwenye haki nayo.

Kabula, ambaye paa lake lilikwenda na dhoruba ile, akasema, "Bila mchoro wangu usingebaki hata msumari. Mama yangu analala jikoni kwa watu."

Shija akasema, "Mchoro haubebi bati, wazee wangu. Mikono yangu ndiyo iliyobana matumizi. Kwangu kunavuja, wanangu wanalala wamekaa."

Limi akasema, "Mabaki niliyapunguza mimi, sikatai. Ningenyamaza, mngekuwa na mabaki tele na maiti chini yake. Karakana yangu haina paa. Mvua ikinyesha moto unazima, na moto ukizima sili."

Mwenyekiti wa wakulima akataka wagawane. Shija akacheka kwa uchungu. "Mwenyekiti, kenchi ukiikata vipande vitatu umepata kuni."

Mimi nimewaza hadi nimechoka. Kila nikimpa mmoja, roho inaniuma kwa wawili. Haya, wingu limeshatanda. Ninyi mngemwezekea nani?