Chuma Kilichobaki Kimekazwa

Mtu mmoja alikuwa na gitaa la besi ambalo halikuwa lake. Lilikuwa la kwaya ya usharika, lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuna mkono mwingine ulioligusa, hata watu wakazoea kuliita gitaa la Anaeli. Anaeli huyo alikuwa seremala kule Same, mtu wa maneno machache, mgongo wake umeanza kupinda kwa kuinamia randa. Nawaombeni mumsikilize kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka kweli ni vigumu kumwambia kitu, kwa sababu kila analosema kuhusu uchovu wake ni kweli.

Gitaa lilifika mikononi mwake likiwa hoi. Lilitoka kwa bendi ya dansi iliyovunjika, rangi yake nyekundu imebabuka, nyaya za ndani zimeungwa kwa plasta ya kidonda, na uzito wake ulikuwa wa mlango. Anaeli alilipokea bila kunung'unika. Alilipunguza mgongo kwa randa mpaka likakaa sawasawa kwenye tumbo lake. Kile kijiti cha juu ya shingo, ambacho nyuzi hupita juu yake, kilikuwa cha plastiki na kimemeguka. Akachonga kingine kwa mfupa wa goti la ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi ya jirani. Spika zilipokuwa zikivuma kila alipoinua vidole, alilifungua gitaa tumboni akalitandika kwa zile karatasi za kung'aa za pakiti za majani ya chai, na mvumo ukakoma. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa akilisikiliza, akilifikiria huku anapiga misumari, na jioni akajaribu.

Nyuzi za besi ni adimu, na nene zaidi ni adimu kuliko zote. Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili Anaeli alizichemsha. Jasho na uchafu wa vidole hujaa katikati ya misokoto ya uzi, sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Ukizichemsha kwa maji na tone la sabuni, ukazianika juani, sauti hurudi. Mkewe, Nakundwa, alipigania sufuria yake kwa muda, halafu akaitoa moja kwa moja iwe ya nyuzi. Anaeli hakuzitoa zote nne kwa mpigo. Alitoa mbili, akachemsha, akazirudisha, ndipo akatoa mbili nyingine. Alifanya hivyo tangu mwanzo, kwa mazoea tu, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Besi ni kazi ya ajabu. Ukilipiga vizuri hakuna anayelisikia. Watu hutoka kanisani wakisema kwaya leo imeimba. Ukinyamaza, hata bibi wa kiti cha mwisho hugeuka kuangalia kumetokea nini. Anaeli alilijua hilo na alikuwa akisema kwamba linamfaa, yeye si mtu wa kuonekana. Siku nyingi ilikuwa kweli.

Ikaja jubilei ya kwaya, miaka thelathini. Walialikwa wageni kutoka sharika za milimani na tambarare. Baada ya nyimbo, mwalimu wa kwaya, Elinihaki, alisimama na karatasi ya shukrani, akamwashiria Anaeli aendelee kupiga taratibu ili maneno yapate kukaa juu ya muziki. Anaeli akapiga. Elinihaki akasoma. Aliwataja waimbishaji wote, wa sasa na waliolala. Alimtaja mpiga kinanda, mpiga solo, mpiga ngoma. Aliwataja akina mama waliopika pilau, dereva wa lori, fundi aliyeshona sare, na mzee mmoja aliyebeba spika mara moja tu, mwaka wa mafuriko. Kila jina watu walipiga makofi, na chini ya makofi besi likaendelea. Karatasi ikaisha. Elinihaki akaikunja akaitia mfukoni, na Anaeli, asijue la kufanya, akapiga noti ya mwisho ili mwenzake apate kukaa.

Hakusema neno. Hilo ndilo watu walilolisifu baadaye, kwamba hakusema neno, na mimi ndilo ninalomlaumia. Alilibeba gitaa mpaka nyumbani, akazilegeza nyuzi zote nne zikaning'inia, akazitoa, akazizungusha akazitia kwenye ile sufuria ya nyuzi. Gitaa akalitundika ukutani sebuleni. Nakundwa alipouliza, alimjibu kwamba amechoka na gitaa nalo limechoka, acha vyote vipumzike.

Na alikuwa amechoka. Miaka ishirini na miwili ya mazoezi Jumanne na Ijumaa, misiba, harusi, mikutano ya injili, magoti yanauma, na kazini mbao zinamsubiri. Nani angembishia? Mwenyekiti wa kwaya alikuja na mkungu wa ndizi, akakaribishwa chai, akaambiwa, "Nipo tu, napumzika." Akina mama wa sauti ya pili wakaja, wakaambiwa hivyo hivyo. Elinihaki mwenyewe walikutana sokoni, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Anaeli akahamia ibada ya kwanza, ile ya asubuhi, ambayo kwaya haiimbi. Nakundwa, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya hiyo hiyo, akawa anakwenda ya pili peke yake, na Jumapili zao zikawa za kupishana mlangoni.

Lakini sikilizeni jinsi alivyopumzika. Ile karatasi ya Elinihaki aliijua kwa kichwa. Alikuwa akisukuma randa, na kwa kila mkupuo jina moja linakuja: fundi wa sare, dereva wa lori, mzee wa spika. Akifika mwisho anaanza tena. Alikula kidogo. Alijibu kwa mkato. Mteja akilalamikia kiti alisikia kicheko cha watu wa jubilei, ingawa siku ile hakuna aliyemcheka. Miezi minane mikono yake haikufanya kazi ya kwaya hata kidogo, na kila asubuhi aliamka amechoka kuliko jana. Nakundwa aliona. Alimwonea huruma, halafu huruma ikaanza kumwisha, na jambo hilo lilimtisha kuliko ukimya wa mumewe.

Walikuwa na binti mmoja, Navoneiwa, mwalimu wa sekondari kule Handeni. Akachumbiwa, harusi ikapangwa, na zilipobaki wiki tatu alipiga simu kumwomba baba yake kitu kimoja. Hakutaka kabati wala kitanda. Alitaka siku ile kwaya ikimwingiza kanisani, besi liwe la baba yake, kwa sababu alikua akilisikia kupitia ukuta wa chumba chake na hakujua kutembea kwa mwendo mwingine. Anaeli akakaa na simu mkononi hata ilipokwisha kukatika. Kumkatalia mtoto hakuweza. Kurudi kwenye kwaya, akasimame chini ya macho ya Elinihaki, aliona ni heri ang'olewe jino.

Akalishusha gitaa. Akalifuta vumbi, akarudisha nyuzi, akazikaza mpaka kila moja ikafika kwenye sauti yake. Akabonyeza, akapiga. Ilitoka sauti ya kijiko kinachogonga sahani. Akabonyeza mahali pengine, hivyo hivyo. Nyuzi zilikuwa zimelala juu ya vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, hazina nafasi ya kutikisika. Alikwenda kuchukua rula ya chuma ya kazini, akailaza juu ya shingo, akafumba jicho moja. Katikati palikuwa pameinuka, na huku na huku mwanga unapita. Shingo iliyonyooka miaka ishirini na miwili ilikuwa imepinda kwa nyuma, ikiwa ukutani, bila kuguswa na mtu.

Nakundwa alikuwa amekaa mlangoni akichagua maharage kwenye ungo. Aliuliza kimeharibika nini, naye akamweleza, kwa sababu kuhusu kazi ya mikono alikuwa bado anaweza kuzungumza. Akamwambia kwamba ndani ya shingo ya gitaa kuna chuma chembamba, kirefu, kisichoonekana. Nyuzi huivuta shingo mbele; chuma kile hukazwa kwa spana ndogo ili kiivute nyuma; na kwa kuvutana huko shingo hukaa imenyooka. Yeye alizitoa nyuzi, akasahau chuma. Kimekaa miezi minane kimekazwa kama siku ile, kinavuta peke yake, hakuna cha kushindana nacho.

"Yaani kazi haikuipinda," alisema Anaeli, kama anayejilaumu. "Imepindia kwenye mapumziko. Nililegeza nyuzi, chuma sikukilegeza."

Nakundwa hakuinua macho. Alitupa jiwe moja nje ya mlango, akatafuta jingine.

"Na cha kwako, Baba Navoneiwa, nani alikilegeza?"

Kisha akasimama na ungo wake, akaenda kubandika maharage.

Anaeli alitaka kukasirika, na alikasirika, akakaa na hasira yake pale sebuleni mpaka maharage yakaanza kunukia. Alitafuta jibu. Angeweza kusema kwamba amechoka, lakini alikuwa amesema hivyo kwa watu wengi kiasi kwamba alilionea haya neno lenyewe. Mwishowe akachukua spana, akaitia kwenye tundu la shingoni, akakilegeza chuma robo ya mzunguko. Mbao ikalia, kidogo tu. Aliujua mlio huo kwa kazi yake, kwamba ukilazimisha hapo mbao inapasuka. Kesho robo nyingine. Na nyuzi lazima zibaki juu, zimekazwa barabara, maana shingo ya namna hiyo hairudi ikiwa tupu; hurudi ikiwa imebebeshwa kazi yake. Jambo hilo lilimchosha hata kulifikiria.

Siku ya pili, alipokwisha kugeuza spana, alivaa shati safi akaenda kwa Elinihaki. Njiani alirudi mara mbili. Alimkuta anafunga banda la kuku, akamwambia pale pale amesimama, kabla ujasiri haujamtoka: "Siku ya jubilei ulimtaja kila mtu. Mimi hukunitaja, na nilikuwa nakupigia."

Elinihaki aliduwaa na kufuli mkononi. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayeisoma ile karatasi upya na kuona palipo wazi. Hakutafuta kisingizio, na kwa hilo namheshimu. Alisema, "Nilisahau, kaka. Nilikusahau kabisa." Macho yake yakalengwa na machozi, wakasimama hivyo pamoja na kuku.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Anaeli alirudi nyumbani bado anaumia, pengine zaidi, kwa sababu alikuwa ameishi miezi minane akiamini kwamba alidharauliwa makusudi, na sasa ameambiwa kwamba alisahauliwa tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Ilimbidi alimeze nalo hilo. Ilikuwa robo moja ya mzunguko. Ijumaa alikwenda mazoezini, akaketi pembeni, gitaa likakwaruza, vijana wakatazamana. Jumanne iliyofuata mkwaruzo ulikuwa umepungua karibu nusu. Nyumbani kila siku alilaza rula, akafumba jicho, akaupima mwanga unaopita.

Siku ya harusi shingo haikuwa imenyooka yote. Palibaki mahali pamoja, karibu na katikati, ambapo noti ililia kama ina kikohozi. Anaeli alipajua, akawa anabonyeza hapo kwa vidole vya huruma. Navoneiwa aliingia kwa mwendo wake. Nakundwa aliimba akimtazama mumewe badala ya mwalimu, akakosea maneno, asijali. Kwenye sherehe mshereheshaji, mgeni wa mji mwingine, alishukuru kwaya, akawataja waimbishaji na mpiga kinanda, akaenda zake kwenye keki. Anaeli alisikia. Aliumia. Akasogeza sahani yake, akaomba kachumbari.

Waliporudi nyumbani alilitundika gitaa ukutani na nyuzi zake juu, kwa sababu Ijumaa kulikuwa na mazoezi. Alikuwa amechoka sana. Nakundwa anasema alilala kabla hajavua kiatu cha pili.

Basi, ndugu zangu, nimewatazama tangu nianze kusema, nanyi mmekaa kama watu waliochoka, nami sitabisha. Ninamuuliza yule mmoja tu aliyetua mzigo wake siku nyingi: mbona mgongo wako haujanyooka?